Nimeambiwa mwili wangu umejaa metali za risasi na zebaki. Nianze dripu?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 36 na kazi yangu ni kukarabati samani za zamani: nabandua rangi, napiga msasa, napaka upya. Huu ni mwaka wa tatu naamka nimechoka. Kichwa kinauma, viungo vinauma, choo ni kigumu, na nimekuwa mtu wa hasira za bure. Hospitali walinipima damu wakasema niko sawa, pengine ni mawazo tu. Nikaenda kwa daktari wa naturopathi, yaani tiba za asili. Huyo alinisikiliza, akaniuliza mpaka maji ninayokunywa. Akanipa vidonge nimeze kisha nikusanye mkojo wa saa sita. Majibu yanasema risasi na zebaki ziko juu sana. Sasa anataka nianze dripu za kutoa metali mara mbili kwa wiki, pamoja na dawa za mitishamba za kusafisha ini na sauna. Nina mtoto wa miaka miwili, na pesa yenyewe ni ya kuungaunga. Nianze?

Jibu: Marahaba, dada. Dripu usianze. Lakini usije ukasema basi, kumbe nilidanganywa, mimi mzima. Rangi nyingi za zamani zina risasi, kwa hiyo kwa kazi unayoifanya na dalili ulizozitaja, risasi ni kitu cha kutafutwa kwa dhati, na inanisikitisha kwamba hospitali haikukitafuta. Daktari wako ameshuku jambo la maana. Tatizo liko kwenye namna alivyolipima, na kwenye haraka ya kukuwekea dripu wakati hakuna aliyejua bado sumu, kama ipo, inakuingia kutoka wapi.

Nianze na haki yake. Mwaka 1700 daktari wa Italia, Bernardino Ramazzini, aliwashauri madaktari wenzake waongeze swali moja kwenye yale waliyozoea kumuuliza mgonjwa: unafanya kazi gani? Imepita miaka zaidi ya 300 na swali hilo bado linarukwa kila siku, kwa sababu foleni ni ndefu na mgonjwa anapewa dakika chache. Wewe ulipoambiwa "uko sawa", kilichopimwa pengine ni wingi wa damu, sukari, figo na ini. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachopima risasi. Risasi hupimwa pale tu mtu anapoiomba kwa jina. Kwa hiyo aliyekuuliza kuhusu kazi yako na maji yako alifanya kazi ambayo wengine waliiacha, na ninaelewa kwa nini ulimwamini.

Sasa chukua ile karatasi ya majibu, uisome taratibu. Juu yake, au chini kwa herufi ndogo, tafuta kama pameandikwa kwamba mkojo ulikusanywa baada ya kumeza dawa. Kisha angalia safu ya kiwango cha kawaida, kile ambacho majibu yako yamelinganishwa nacho. Mara nyingi sana kiwango hicho kimetokana na watu ambao hawakumeza dawa yoyote. Vile vidonge ulivyopewa, ambavyo kwa kawaida huwa ni DMSA au ndugu zake, kazi yake ni kunasa metali na kuisukuma itoke kwenye mkojo. Kila binadamu ana risasi na zebaki kidogo mwilini, maana vimo hewani, udongoni na katika vyakula. Mpe mtu yeyote mzima wa afya vidonge hivyo, mkojo wake wa saa zile za mwanzo utapanda. Ukiulinganisha na mkojo wa watu wasiomeza kitu, karibu kila mtu ataonekana amejaa sumu, na mistari myekundu itajaa ukurasa. Chuo cha Marekani cha wataalamu wa sumu za kitabibu kimetamka waziwazi kwamba kipimo cha namna hii hakijathibitishwa kisayansi, hakijaonyesha faida, na kinaweza kudhuru. Nakubaliana nao bila kusita. Karatasi hiyo haikuambii una sumu, na haikuambii huna. Iweke pembeni.

Nywele nazo usikubali zikatwe zipelekwe maabara kwa ajili ya jambo hili. Mwaka 2001 watafiti walichukua nywele za mtu mmoja mwenye afya njema, wakazigawa, wakazituma maabara sita za Marekani. Majibu yalitofautiana sana kwa nywele zilezile, na hata ushauri uliofuatana na majibu haukulingana.

Kipimo unachokihitaji ni kimoja na ni cha kawaida: risasi katika damu inayochukuliwa mshipani, bila kumeza dawa yoyote kabla. Nasisitiza mshipani. Wanaopima kwa tone la kidole hawakosei, ila kwa mtu wa kazi yako vumbi la rangi lililojificha kwenye ngozi ya kidole linaweza kuingia kwenye lile tone na kukupa jibu la juu ambalo si la kweli. Likitoka juu, lirudiwe kwa damu ya mshipani. Na kwa kuwa umeshameza vidonge vya kunasa metali, mwambie daktari ulivimeza lini, kwa sababu vinaweza kushusha risasi ya damu kwa muda na baadaye ikapanda tena.

Jibu likija, namba ina maana hii. Hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unasema kwamba kuanzia mikrogramu 5 kwa desilita, chanzo kitafutwe na hatua zichukuliwe za kukiondoa. Risasi ya kwenye damu inapungua kwa nusu kwa takriban mwezi mmoja baada ya kuacha kuingia. Ila sehemu kubwa ya risasi ya mtu mzima haikai kwenye damu, imejificha kwenye mifupa, na huko inakaa kwa makumi ya miaka ikivuja kidogo kidogo. Kwa hiyo damu inaeleza zaidi mambo ya miezi ya karibuni, na mtu aliyefanya kazi yako kwa muda mrefu anaweza kushuka polepole kuliko mwezi huo mmoja. Kama una mpango wa kupata mimba nyingine, mtajie daktari mapema, maana wakati wa ujauzito mifupa huachia sehemu ya risasi hiyo, nayo hupita kwenye kondo la nyuma mpaka kwa mtoto.

Kuhusu zebaki nitakuwa mfupi. Inayotokana na kula samaki hupimwa kwenye damu. Ile inayotokana na mvuke wa zebaki, au na krimu za kung'arisha ngozi, hupimwa kwenye mkojo, tena mkojo wa kawaida, usiochochewa na kidonge. Kama umewahi kutumia krimu ya kung'arisha ngozi isiyo na orodha ya viambato, acha leo na umwambie daktari, kwa sababu zebaki ya humo huumiza figo. Kama hujatumia na huli samaki kupita kiasi, sioni katika maelezo yako sababu ya kuihofia.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna kipimo cha metali kingeliona, nami ndilo lililonijia kichwani mara moja niliposoma neno "kubandua rangi". Unabandua kwa kutumia nini? Dawa nyingi za kuondolea rangi zimetengenezwa kwa kemikali iitwayo diklorometheni. Ukiivuta, mwili wako wenyewe huigeuza kuwa monoksidi ya kaboni, gesi ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Inaendelea kutengenezwa mwilini hata baada ya kutoka karakanani. Matokeo yake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, uchovu wa kutisha. Marekani wafanyakazi waliokuwa wakikarabati mabafu kwa dawa hizo ndani ya vyumba visivyopitisha hewa walikutwa wamekufa, na mwaka 2024 matumizi yake mengi yalipigwa marufuku huko. Thina na vanishi pia zina mivuke yake inayolevya ubongo. Hivi vyote haviachi alama kwenye karatasi ya risasi na zebaki.

Namna ya kuvitofautisha unaweza kuianza mwenyewe, bila gharama. Chukua daftari, kwa wiki mbili andika kila siku: umefanya kazi gani, umetumia dawa gani, mlango ulikuwa wazi au umefungwa, kichwa kimeanza saa ngapi, kimeacha saa ngapi. Sumu zina mwendo wake. Monoksidi ya kaboni hupungua kwa nusu ndani ya saa nne au tano ukiwa kwenye hewa safi. Mivuke ya thina huisha kwa saa au siku chache. Risasi haijui Jumapili: haikuachii kwa sababu umepumzika siku mbili. Ukiona kichwa kinauma jioni za siku za kubandua tu, na siku ya mapumziko unakuwa mtu mwingine, shuku mivuke. Ukiona uchovu, choo kigumu na maumivu ya viungo viko vilevile hata baada ya wiki nzima nyumbani, risasi inapanda kwenye orodha. Na kama kichwa kinawauma watu wote wa nyumbani mkiwa ndani na kuacha mkitoka nje, msisubiri daftari. Ni jiko, jenereta au hita, tokeni nje na mtafute msaada siku hiyohiyo. Daftari hilo mpelekee daktari yeyote utakayemwona. Mimi nikiletewa daftari la namna hiyo, nusu ya kazi imeshafanyika.

Sasa mtoto. Katika barua yako yote umemtaja mara moja tu, tena kwa ajili ya pesa, na daktari wako hakumgusa kabisa. Mimi ningeanza na yeye. Mtoto mdogo anapomeza risasi, mwili wake hufyonza mara nne hadi tano ya mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile. Ana miaka miwili, anatambaa na kucheza sakafuni, kila kitu anakipeleka mdomoni, na ubongo wake ndio kwanza unajengwa. Wewe ukirudi na nguo zenye vumbi la rangi ya zamani, ukamkumbatia kabla ya kuoga, vumbi lile limefika. Anaweza kuwa na risasi ya kumdhuru huku anacheka na kukimbia kama kawaida, kwani kwa viwango vingi hakuna dalili ya kuonekana kwa macho. Naye apimwe damu ya mshipani kwa risasi. Kama pesa inatosha kipimo kimoja tu wiki hii, kiwe chake.

Na wakati mnasubiri majibu, chanzo kianze kuzibwa. Ukikuta nyumba imejaa maji unafunga bomba kwanza, ndipo unapiga deki. Ushahidi mchungu zaidi ninaoujua ni wa Minamata, Japani. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1956, watu wakitetemeka, wakipoteza kuona na kutembea, kwa sababu ya zebaki iliyokuwa ndani ya samaki wa ghuba yao. Kiwanda cha Chisso kiliendelea kumwaga maji yake machafu mpaka mwaka 1968. Katika miaka hiyo yote, tiba gani ya kliniki ingetosha? Alice Hamilton, daktari aliyeanza kufuatilia sumu ya risasi katika viwanda vya jimbo la Illinois mwaka 1910, alielewa hili: alikwenda viwandani mwenyewe kutazama vumbi na moshi vinatokea wapi.

Kwa kazi yako, adui mkubwa ni msasa mkavu kwenye rangi ya zamani, ukifuatiwa na moto. Kuchoma rangi kwa bomba la gesi au kifaa cha hewa ya moto mkali kunaigeuza risasi kuwa moshi mwembamba unaoingia moja kwa moja kwenye mapafu. Lowesha kabla ya kupiga msasa, na uendelee kulowesha. Usifagie vumbi kavu. Futa kwa kitambaa kibichi. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi hili, wala ile ya hospitali. Unahitaji ya kuchuja chembe ndogo, inayokaza usoni bila kuacha nafasi pembeni. Ila ujue kwamba hiyo ya vumbi haizuii mivuke ya thina hata kidogo, ambayo inahitaji kichujio chake au, bora zaidi, kazi ifanyike nje kwenye upepo. Usile wala kunywa ukiwa kazini, nawa mikono na uso kwa sabuni kabla ya chakula. Nguo na viatu vya kazi vibaki kazini, na kama karakana iko nyumbani, basi vibaki nje ya chumba anachocheza mtoto, vifuliwe peke yake. Oga kabla ya kumbeba. Najua haya yanachosha kuliko kulala kitandani na dripu. Lakini ndiyo yanayoshusha namba.

Unaweza kuuliza: je, hizo dawa za kunasa metali ni uongo mtupu? Hapana. Ni dawa za kweli na zimeokoa maisha. Kwa mtoto wa miaka 10 kwenda chini mwenye risasi ya mikrogramu 45 au zaidi kwa desilita, Shirika la Afya Duniani linazipendekeza. Kwa mtu mzima kizingiti ni cha juu zaidi na dalili zinatazamwa. Shida ni kuzitumia chini ya hapo. Mwaka 2001 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watoto 780 wa Marekani waliokuwa na risasi kati ya 20 na 44. Waliopewa dawa, risasi ya damu ilishuka. Lakini walipopimwa akili na tabia baadaye, hawakuwapita wenzao waliopewa kidonge kitupu. Namba ilipendeza, mtoto hakufaidika.

Na zina hatari. Zinanasa pia zinki, shaba na madini mengine unayoyahitaji. Mbaya zaidi, kuna EDTA, dawa ya dripu ya kunasa metali, ya aina mbili zenye majina yanayokaribiana, moja ina kalsiamu na nyingine ina sodiamu peke yake. Hiyo ya pili hunyonya kalsiamu ya damu mpaka moyo unaweza kusimama. Mwaka 2006 Kituo cha Marekani cha Kudhibiti Magonjwa kiliripoti vifo vitatu vya namna hiyo vilivyotokea kati ya 2003 na 2005, viwili kati yake vya watoto. Mtu akitaka kukuwekea dripu hizi, una haki ya kujua jina kamili la dawa, na nani atakuwepo moyo ukibadili mapigo.

Mitishamba ya kusafisha ini nayo naomba uiache mpaka majibu yatoke. Siidharau mimea, dawa nyingi hospitalini zimetoka huko. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Ubelgiji, wanawake waliokwenda kliniki ya kupunguza uzito walipewa mchanganyiko ambamo mzizi mmoja wa Kichina ulikuwa umechukuliwa badala ya mwingine. Ulikuwa na sumu ya mimea iitwayo asidi ya aristoloki. Makumi yao waliharibika figo, na wengine baadaye wakapata saratani ya njia ya mkojo. Na mwaka 2008 watafiti walipopima dawa 193 za ayurveda, tiba ya jadi ya Kihindi, zilizouzwa mtandaoni, karibu moja kati ya tano ilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Kama umeshaanza kumeza chochote, kipeleke kwa daktari kikiwa na chupa yake. Inawezekana kabisa mtu akatibiwa sumu kwa dawa yenye sumu ileile.

Sauna haina haja. Jasho hutoa metali kidogo mno kiasi cha kutobadilisha chochote, na kama tatizo ni monoksidi ya kaboni au mivuke, joto kali juu ya uchovu huo halikusaidii. Virutubisho vina nafasi moja ya maana: mtu mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu hufyonza risasi zaidi, kwa hiyo pimeni chuma, wewe na mtoto, na upungufu ukionekana utibiwe kwa kipimo.

Rudi hospitali, basi, na ukifika usiseme "nimejaa sumu", maana utarudishwa kwenye mawazo. Sema: "Nimebandua rangi za zamani kwa miaka kadhaa, nina dalili hizi, naomba kipimo cha risasi katika damu, changu na cha mtoto." Omba pia kipimo cha tezi ya shingo kama hakikufanywa, akiba ya chuma, na ueleze usingizi wako ukoje. Risasi inawezekana, lakini tezi iliyolegea huleta uchovu uleule, choo kigumu kilekile na maumivu yaleyale, na dawa yake ni kidonge cha kila siku. Ingekuwa dhuluma kupitisha mwaka wa nne kwenye dripu kwa ugonjwa wa tezi.

Kuachana na daktari wako wa naturopathi si lazima. Katika baadhi ya majimbo ya Marekani na Kanada watu wa fani hii husoma chuo miaka minne na kupewa leseni. Mahali pengine yeyote anaweza kujiita hivyo, kwa hiyo muulize amesomea wapi na nani anamsimamia. Kisha muulize kama yuko tayari kupima upya bila vidonge, na kama majibu yakitoka ya kawaida atakubali kusimamisha mpango wake. Akikubali, una msaidizi mzuri wa kukukumbusha habari za vumbi, lishe na usingizi. Akikuambia damu haionyeshi kitu na ni kipimo chake tu kinachoona, hapo ondoka.

Damu ikionyesha risasi, rudieni kipimo baada ya mwezi mmoja hivi tangu ubadilishe utaratibu wa kazi. Ikishuka, endelea na utaratibu huo na upime tena baada ya miezi mitatu. Isiposhuka, au ya mtoto ikawa juu kuliko yako, kuna mlango mwingine bado uko wazi: rangi inayobanduka kwenye kuta za nyumba, maji ya bomba la zamani, wanja, sufuria au kauri ya rangi, dawa ya kienyeji. Risasi ya kwenye maji haitoki kwa kuchemsha, kwa hiyo hayo yapimwe. Anza na vile ambavyo mtoto anavishika kila siku.